Ruzuku za Haki Anapewa Anayejua Kuandika, Siyo Anayejua Kutenda

Niwieni radhi wasomaji wangu kwa ukimya wa karibu wiki mbili. Wengine mmeuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa najaza fomu.

Siyo fomu ya viza wala ya mkopo wa chuo. Ni fomu ya kuomba ruzuku kutoka taasisi moja ya ng'ambo ambayo inasema inasaidia miradi ya haki katika jamii. Jina lake nalihifadhi kwa sababu mbili. Kwanza, majibu hayajatoka. Pili, ukifuta jina hilo ukaweka la taasisi nyingine kumi, fomu ni ile ile.

Sikuwa naomba kwa ajili yangu. Nilikuwa nawaandikia kina mama saba wa kata moja mkoani Morogoro. Hawa mama ni wasaidizi wa kisheria. Kama hujui msaidizi wa kisheria ni nani, siyo mwanasheria wa suti na kola nyeupe. Ni mwanakijiji aliyepata mafunzo ya sheria za msingi, anayemwelekeza mwenzake aende wapi, abebe karatasi gani, aseme nini na asikubali nini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua kabisa. Sheria hiyo hiyo inataka msaada kwa mtu asiye na uwezo uwe wa bure. Kwa hiyo mama hawezi kumtoza mjane hata shilingi mia tano ya nauli. Hapo ndipo habari ya wafadhili inapoanza.

Nilikwenda kuwaona. Wanakaa chini ya mwembe karibu na ofisi ya mtendaji wa kata, siku mbili kwa wiki. Wana kaunta buku moja iliyojaa na ya pili imefika katikati. Humo kuna tarehe, kijiji, shida, ilipelekwa wapi, iliishaje. Mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake. Mtoto ambaye baba yake ameacha kumtunza. Kijana aliyewekwa mahabusu na hakuna aliyemwambia kosa lake. Mfugaji na mkulima waliogombea mpaka. Nilisoma kurasa kama arobaini nikiwa nimekaa kwenye gogo, na nawaambia kweli, nimefanya kazi ya habari miaka kadhaa sasa na sijawahi kuona taarifa iliyoandikwa vizuri namna ile. Hakuna neno la ziada.

Nikamuuliza kiongozi wao: mama, mnahitaji nini? Akanihesabia kwa vidole. Nauli ya kwenda wilayani. Vocha. Hela ya steshenari, kuchapa na kutoa kopi. Chakula cha siku ya kushinda mahakamani. Vidole vinne, akabaki na kimoja hana cha kukitajia.

Nauli ameitaja kwanza, na ana sababu. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua migogoro midogo ya ardhi pale pale kata. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa. Sasa Baraza la Kata linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mtu anakwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yako mazuri yanayosemwa kuhusu badiliko hilo, leo siyaingilii. Ninachosema ni kwamba kwa mjane wa kijijini, haki ilihama ikapanda basi. Anayemsindikiza naye lazima apande basi.

Sasa nenda kawaeleze wenye fomu kwamba unaomba hela ya basi.

Fomu haina mahali pa kuandika basi. Ina kurasa ishirini na tatu, kwa Kiingereza, na inataka "nadharia ya mabadiliko". Inataka uchambuzi wa wadau. Inauliza UBUNIFU wenu ni upi. Jamani, ubunifu! Mjane kanyang'anywa shamba, anataka arudishiwe shamba. Mnataka arudishiwe kwa namna mpya ambayo haijawahi kuonekana duniani? Inauliza mradi "utawafikia" watu wangapi. Nikampigia mama simu: mama, mtawafikia watu wangapi kwa mwaka? Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, kuwafikia ndiyo kufanyaje? Sisi hatuwafikii, wanatujia wenyewe."

Nikaandika elfu tano.

Ndiyo, niliandika. Sikuitoa kwenye kaunta buku. Niliitoa kichwani, kwa sababu nimekaa kwenye warsha za kutosha kujua kwamba anayeandika mia mbili za kweli hushindwa na anayeandika elfu tano za kufikirika. Hiyo ndiyo kazi ya fomu ya haki. Inaanza kwa kunifundisha uongo.

Halafu likatokea lililonifanya niandike makala hii. Nilirudi Morogoro na karatasi ili mama asaini kama mwenyekiti. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kiingereza kitupu. Akaniangalia. "Hapa umeandika nini, mwanangu?" Nikaanza kumweleza. Ukurasa wa tatu tu akaniambia basi, nakuamini, nionyeshe pa kusaini. Akasaini.

Kwenye kaunta buku ya mama huyu huyu kuna ushauri mmoja unaojirudia kila baada ya kurasa chache, kwa mwandiko wake mwenyewe: usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Ndivyo mashamba yanavyopotea. Shemeji analeta karatasi, anasema ni ya rambirambi, mjane anaweka dole gumba, kumbe ameuza. Mama amewafundisha wanawake wa kata nzima wakatae. Na ili apate nauli ya kwenda kuwatetea, mimi msomi nimemfanya aweke sahihi kwenye karatasi asiyoielewa. Kwa jina la haki.

Nilirudi Msamvu kupanda basi nikiwa na aibu. Hasira zilikuja baadaye.

Ndugu zangu, mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, Kiingereza kikabaki cha sababu maalum. Kwenye Mahakama ya Mwanzo Kiswahili kimetumika tangu zamani. Mjane akienda kufungua mirathi, fomu yake iko kwa Kiswahili, anaisoma au anasomewa, anajua anasaini nini. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Hakimu anasikiliza kwa Kiswahili. Baraza la Kata linasuluhisha kwa Kiswahili. Matusi ya shemeji ni ya Kiswahili. Kitu pekee katika safari nzima ya shamba la yule mjane ambacho ni lazima kiwe kwa Kiingereza ni barua ya kuomba nauli.

Na msiniambie eti tafsiri ni ghali. Taasisi inayomlipia mtaalamu tiketi ya ndege, hoteli na posho aje "kutathmini athari" kwa siku nne haiwezi kushindwa kumlipa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam asome maombi ya Kiswahili. Hawajashindwa. Hawajaona sababu, kwa kuwa sisi tumewaonyesha kwamba tutawafuata huko huko waliko.

Kuna jedwali moja maarufu kwenye fomu hizi, linaitwa logifremu. Walioshika andiko la mradi wanalijua. Ni safu nne na mistari minne: lengo kuu, madhumuni, mazao, shughuli, halafu viashiria, uthibitisho na dhana. Asili yake ni Marekani. Lilibuniwa mwaka 1969 na kampuni ya washauri kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la serikali yao, ili maofisa wake waweze kuifuatilia miradi. Halikubuniwa kwa ajili ya mama aliyekaa chini ya mwembe. Likaenea dunia nzima, hata taasisi binafsi zikalichukua. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mwezi Januari, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikawa imefungwa. Mwenye jedwali ameondoka, jedwali limebaki. Hiyo siku ambayo fedha ziliondoka, mashirika makubwa ya mjini yaliyokuwa yakiishi kwa fedha za Marekani yalihamia kwenye milango ya taasisi binafsi, yakiwa na waandishi wao wa maandiko, wahasibu wao na Kiingereza chao. Sasa mama zangu saba wako kwenye foleni moja na hao. Nani atapita?

Tuje kwenye muda. Ruzuku niliyoomba ni ya miezi kumi na miwili. Mwishoni tunatakiwa tuonyeshe "matokeo". Sasa sikilizeni habari ya wajane wawili wa Shinyanga. Waume zao walifariki, na kwa kanuni za mila zilizotangazwa rasmi mwaka 1963, mjane hana fungu kwenye mirathi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Wakafukuzwa kwenye nyumba walizoishi. Mwaka 2005 kesi ya kupinga kanuni hizo ikafunguliwa Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba kanuni zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya kiufundi kwenye hati. Wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwezi Machi 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao.

Kutoka 2005 mpaka 2015. Miaka kumi! Weka hiyo kwenye fomu ya miezi kumi na miwili. Ripoti ya mwaka 2006 ingesomeka "mradi umeshindwa". Ripoti ya 2010 ingesomeka "mradi umeshindwa tena". Kwa vipimo vya fomu, moja ya kesi muhimu za wanawake katika nchi hii ni hasara tupu. Mwenye kutaka matokeo ya mwaka mmoja hawezi kufadhili haki. Atafadhili semina, kwa sababu semina inaanza asubuhi, inaisha jioni na ina orodha ya mahudhurio.

Ndiyo maana tuna semina nyingi kuliko haki.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu nami nimewahi kukisema. Wabongo ni wezi! Bila masharti magumu, NGO za mfukoni zitakula hela zote. Kweli kabisa, ulaji upo. Mimi mwenyewe namjua jamaa ambaye shirika lake ni yeye, mkewe na muhuri. Lakini hebu tujiulize, huyo jamaa anazuiwa na fomu? Fomu ndiyo INAYOMLEA. Ana Kiingereza safi, ana logifremu, ana sera ya fedha na sera ya ulinzi wa watoto alizonakili kwenye intaneti akabadilisha jina, ana mkaguzi wa hesabu ambaye ni rafiki yake. Kila kisanduku ana tiki. Asiye na tiki ni mama mwenye kaunta buku mbili za kazi ya kweli ambazo hakuna aliyeomba kuziona. Kipimo cha uaminifu mnachokitafuta kiko chini ya mwembe, mkitaka kuja kukisoma. Muulizeni mtendaji wa kata. Muulizeni karani wa mahakama. Waulizeni wajane.

Sisemi hesabu zisikaguliwe. Zikaguliwe! Hela ya haki ikiliwa ni dhambi mara mbili. Nasema kipimo kifanane na kinachopimwa. Kikundi kinachoomba hela ya nauli na kopi kisidaiwe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, wakati gharama ya mkaguzi mmoja inaweza kuzidi fedha yote walizowahi kushika.

Na msidhani haiwezekani. Mwaka 2016 Ford Foundation ya Marekani ilianzisha mpango unaoitwa BUILD, ambao unayapa mashirika fedha kwa miaka mitano na kuyaachia nafasi ya kuamua wanazitumiaje, pamoja na kujijenga yenyewe. MacKenzie Scott, tajiri wa Kimarekani, tangu mwaka 2020 amegawa mabilioni ya dola, sehemu kubwa kwa kuyachunguza mashirika kimya kimya na kuyapa fedha bila kuyapangia cha kufanya nazo. Siwafanyi hao malaika. Fedha zao nyingi nazo huishia kwa mashirika yenye ofisi na tovuti. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba masharti haya hayakushushwa kutoka mbinguni. Yameandikwa na watu, na watu wanaweza kuyafuta.

Lakini leo siwasemi wazungu peke yao. Ningekuwa mwongo. Nani anasoma maombi haya kwenye ofisi zao za Dar es Salaam na Nairobi? Ni sisi. Vijana wa mjini, tuliosoma, wenye Kiingereza. Ni sisi tunaorudisha andiko la mama eti "halijakidhi viwango" kwa sababu ya sarufi. Nani anauza huduma ya kuandika maandiko kwa asilimia kumi ya fedha itakayopatikana? Ni sisi. Kiingereza kimekuwa kizuizi cha barabarani, na sisi ndio tumeshika kamba. Tunalalamika kuhusu ukoloni mamboleo huku tukikusanya ushuru wake. Kasumba siyo lazima ivae kaptura ya mkoloni. Siku hizi inavaa kitambulisho cha shingoni na kubeba laptopu.

Mimi sikuwatoza mama hata senti. Msinipongeze. Nimewaandikia elfu tano.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyadai, na kama unafanya kazi kwenye moja ya ofisi hizo, chapisha uyabandike ukutani. Moja, pokeeni maombi kwa Kiswahili, na mkataba uwe kwa Kiswahili, ili anayesaini ajue anasaini nini. Mbili, kwa ruzuku ndogo, ukurasa mbili zinatosha: mnafanya nini, wapi, mnahitaji shilingi ngapi za nini, nani anawajua. Tatu, ambaye hawezi kuandika aruhusiwe kusema. Simu nyingi siku hizi zinarekodi sauti. Nne, lipeni nauli, vocha na chakula bila kuona aibu, kwa sababu kazi ya haki ndiyo hiyo. Tano, toeni miaka mitatu au mitano, siyo miezi kumi na miwili. Sita, atakayenyimwa aambiwe sababu, kwa lugha anayoielewa.

Na wewe msomaji usiye na ofisi? Wewe nawe nina lako.

Mwezi uliopita nimepokea kadi tatu za michango ya harusi. Nimechangia zote, maana ukikwepa kamati wanakutafuta mpaka kazini. Tunaweza kukusanya mamilioni kwa usiku mmoja wa pilau, keki na muziki, tena bila andiko, bila logifremu, bila viashiria, kwa daftari moja la mweka hazina na aibu ya kutangazwa kwamba hujatoa. Hatujashindwa kuchanga. Hatujawahi kuletewa kadi ya nauli ya mjane kwenda wilayani, wala hatujawahi kuitengeneza. Halafu tunashangaa kwamba haki ya bibi zetu inasubiri kikao cha bodi kwenye nchi ambayo hawajui hata iko upande gani.

Mchango wa harusi moja, ule wa kiwango cha chini kabisa cha "single", unampeleka mama mmoja wilayani na kumrudisha, anakunywa chai na kutoa kopi. Nimepiga hesabu na mama mwenyewe, safari hii kwa namba za kweli.

Juzi nilimpigia simu. Nikamwambia mama, shikamoo, nina jambo. Ile karatasi uliyosaini, kuna namba niliiandika siyo ya kweli, na nimewaandikia wenye fomu kuirekebisha. Nimeweka ile iliyoko kwenye kaunta buku. Huenda tukakosa.

"Marahaba," akasema. Halafu: "Sasa nisomee yote. Kwa Kiswahili. Nina muda."

Nilimsomea. Ilichukua saa moja na nusu na vocha mbili. Alinisahihisha mara tisa.

Haya, nimesema yangu. Anayebisha abishe.